Zulia la Safu ya Mbele

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa nchi za mashariki aliishi mtengeneza ngozi, mcha Mungu, jina lake Zurara bin Naufal. Kwa miaka ishirini aliswali Ijumaa karibu na mlango wa msikiti, penye viatu, kwa kuwa safu ya mbele ilitandikwa zulia la liwali na wakubwa wake. Masikini akisogea, askari humwambia, "Rudi nyuma. Hapa pana wenyewe."

Dhuluma ya liwali yule ilipozidi, watu waliinuka wakamwondoa. Wakamtawalisha Ghassani, mfumaji wa nguo, jirani yake Zurara, ambaye liwali yule aliwahi kumfunga gerezani pamoja naye. Siku hiyo zulia lilichomwa moto uani, na watu wakalia kwa furaha.

Haukupita mwaka, likatandikwa zulia jipya. Ikasemwa kwamba liwali hupokea wageni, hana budi kuheshimiwa. Zurara akaitwa akae juu yake, ubavuni mwa swahibu wake. Akaenda, na haki isemwe, alifurahi. Zulia lilikuwa laini, magoti yake ya uzeeni yakastarehe, akaona kweli Mwenyezi Mungu amewafariji waliosubiri.

Kabla ya hotuba akasikia nyuma yake, "Rudi nyuma, mzee. Hapa pana wenyewe." Aliyeambiwa alikuwa mchukuzi mmoja kipofu, aliyefika mapema kuliko wote. Zurara akahisi uso unawaka kwa haya. Akainuka, akamshika mkono yule mchukuzi, wakaenda pamoja hadi penye viatu. Msikiti mzima ukashuhudia.

Baada ya swala, liwali akamwita.

"Ewe Zurara, umenichukia?"

"Hasha, ndugu yangu. Nimeiogopa nafsi yangu. Nilikaa pale nikaona raha, nisiulize nani kaondolewa ili nikae mimi. Zulia tulilichoma, Ghassani, lakini pahala pake tulipaacha, na sasa tumepakalia."

Liwali akakunja uso. "Unanifananisha na dhalimu yule?"

"Nimejifananisha mimi. Wewe jipime mwenyewe."

Liwali akamwonyesha mlango. Ijumaa tatu zikapita, zulia liko pale pale, na wateja wakaanza kumkwepa Zurara kwa kuchelea kuonekana naye. Hakunung'unika. Aliswali penye viatu, akamwombea ndugu yake katika kila sijida.

Ijumaa ya nne, mbele palitandikwa mikeka tu, kama kwingine kote. Liwali alichelewa, akakuta safu zimejaa, akapiga magoti mlangoni. Mtu mmoja akainuka upesi ampishe.

"Keti, ndugu yangu," akasema Ghassani. "Aliyetangulia ametangulia."

Zurara alirudi nyumbani uso umemkunjuka. Mkewe, Lubaba, akampakulia dengu, akamtazama.

"Mume wangu, kuna nini leo?"

"Leo, Lubaba, ndiyo siku aliyoondoka liwali yule wa zamani."

Naye akala, akaomba aongezwe.

Basi enyi wapenzi, dhalimu huweza kufukuzwa mjini kwa siku moja, akabaki miaka mingi vifuani mwa waliomfukuza. Mwenyezi Mungu amrehemu Zurara, na atujaalie sisi nasi kuona haya pale mwenzetu anapoambiwa arudi nyuma kwa ajili yetu.