Fisi Mwonja Maji

Paukwa.

Wajukuu zangu, msinijibu puani. Paukwa.

Pakawa. Ehe, sasa nasikia. Pakawa mto, na maji, na wenye kiu.

Hapo zamani, zamani sana, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, wanyama wote wa bondeni walikunywa maji ya mto mmoja. Basi wakaanza kuumwa matumbo. Leo Pundamilia, kesho Ngiri, keshokutwa Nyani anashuka mtini mbio, na kichakani hafiki.

Tembo, ndiye aliyekuwa mkubwa wao, akaita baraza. Wakakubaliana watafute mwonja maji. Kila asubuhi aonje kwanza, aseme kama yanafaa, ndipo wengine wanywe. Haya, nani aonje? Wakaulizana, ni nani kati yetu hajaumwa tumbo tangu azaliwe?

Wote wakamgeukia Fisi.

Mnacheka? Wenzenu waliona wamepata akili kweli kweli.

Basi kila asubuhi Fisi anashuka kivukoni. Anapiga funda, anafumba macho, analamba midomo. Anasema, "Yamekolea." Wanyama wanakunywa. Wanaharisha.

Sasa, alikuwepo Bi Paa, na mtoto wake mmoja tu, hana mwingine. Mtoto akanywa maji ya mto, akaharisha, akaharisha, mpaka miguu ikawa kama njiti. Kusimama hawezi.

Bi Paa akamwendea Fisi. Fisi akasema si maji, ni majani mabichi. Bi Paa akampa mtoto majani makavu. Mtoto akazidi.

Akarudi. Fisi akasema si maji, ni upepo. Bi Paa akamfunika mtoto kwa nyasi, akabaki pua tu. Mtoto akazidi.

Akarudi tena, mara ya tatu. Fisi akainama, akapiga funda refu, akapangusa midevu. "Mama, haya ya leo yameyapita hata ya jana. Mtoto wako anadeka tu."

Bi Paa akaondoka. Anarudi kwa mtoto, njiani anamwona Kaa, yule wa mtoni mwenye magando, anatembea juani kiupandeupande, amenuna. Akamwuliza, shemeji, nchi kavu unatafuta nini?

"Nahama," Kaa akasema. "Nyinyi mnakunywa mnaondoka. Mimi maji ndiyo pumzi yangu. Nikibaki humo nitakufa."

Bi Paa akamwuliza nani kayaharibu. Kaa akasema hajui, yanakuja hivyo hivyo kutoka juu. Bi Paa akafikiri. Akamwambia, basi panda kichwani kwangu, tuufuate mto kwenda juu. Kila tutakapokuta vijito viwili vimeungana, nitakutia huku, nitakutia na huku, wewe utaniambia.

Kaa akakataa. Ana safari yake.

"Shemeji, mtoto wangu ananifia."

Kaa akashusha magando. Akapanda. Lakini akaanza kulalamika hapo hapo, kwamba kichwa chenyewe kinateleza na masikio hayana pa kushika.

Wakapanda na mto. Wakafika penye vijito viwili. Bi Paa akamtia kijito cha kulia. "Vipi humo, shemeji?" Kaa akajinyoosha, akasema, "Humu nalala." Akamtoa, akamtia cha kushoto. "Vipi humo?" Kaa akarukia kichwani. Alimbana sikio. Wakashika cha kushoto.

Wakafika pengine, vijito viwili tena. Akamtia cha kushoto. "Vipi humo?" "Humu nalala, na usiniamshe." Akamtia cha kulia. Weee, akabanwa masikio yote mawili. Wakashika cha kulia.

Wakafika chemchemi yenyewe. Hapo Kaa hakutiwa hata ukucha. Akaomba ashushwe, akaenda kujifunika kwa mchanga.

Bi Paa akachungulia. Ndani ya chemchemi kuna mzoga wa nyati. Chini ya nyati mzoga wa nyumbu. Juu imekandamizwa kwa mawe isielee, tai wasiione.

Bi Paa akateremka mbio, akamwita Tembo, akawaita wote. Walipofika wakamkuta Fisi mwenyewe, maji kiunoni, anageuzageuza nyama yake.

Fisi wala hakuona haya. Akawakaribisha. Akasema watu huvundika ndizi zikaiva, yeye anavundika nyama.

"Kumbe mlikuwa hamjui?" akasema. "Mchuzi wangu mnakunywa siku zote, na asante hata mmoja hajanipa."

Nyani alikwenda nyuma ya jiwe kutapika. Ngiri akamfuata.

Tembo akamwambia Fisi aitoe nyama yote, mpaka mfupa wa mwisho, aivute mpaka ng'ambo ya kilima, ambako mvua ikinyesha maji yake hayateremki kwetu. Fisi akavuta. Kilima kikali, mzigo mzito, kila akivuta kiuno kinadidimia. Akavuta, kikadidimia. Akavuta, kikadidimia. Hakikunyanyuka tena mpaka leo. Mtazameni.

Chemchemi ilichukua siku kadhaa kutakata. Bi Paa hakungoja. Alimbeba mtoto mpaka kijito kile cha kwanza Kaa alimotaka kulala, akamnywesha kidogo kidogo. Asubuhi moja mtoto akasimama. Akaanguka. Akasimama tena, akampiga mama yake kichwa cha tumbo, anataka kucheza.

Na kazi ya kuonja akapewa Kaa. Yeye haonji, anaishi humo. Wakimwona ametulia chini ya jiwe lake, wanakunywa. Wakimwona juani amenuna, hawanywi, wanaufuata mto juu.

Basi wajukuu zangu, anayependa uvundo usimpe kazi ya kunusa. Na maji yakikudhuru kivukoni, usigombane na kivuko, panda ukatazame yanakotoka.

Ngano nimeitua chini hapo. Mwenye kiu akachote, mwenye usingizi anipishe mkeka.