Chungu cha Majani ya Mndimu

Mpo mnaosikiliza? Basi sogeeni, na mwenye kikohozi akae karibu nami.

Hapo kale Mize, bintiye Mwanakombo, alibanwa kifua. Mama akaenda kuchuma majani ya mndimu amfukize. Mti ukasema, "Nakupa mara moja tu. Dawa yangu imo kwenye harufu. Funika chungu, usikifunue mpaka mwanao awe ndani ya shuka."

Chungu kilipochemka, zimwi likapiga hodi, likikohoa kama mzee. "Mama, ninusishe kidogo tu."

Mwanakombo akawaza: mgeni hanyimwi, tena harufu haiishi kwa kunuswa. Akafunua. Zimwi likavuta pumzi, likaenda zake. Likarudi mara ya pili, akafunua. Likarudi mara ya tatu, akafunua.

Ndipo akamfunika Mize shuka, akamwekea chungu mbele yake, akakifunua. Mvuke ukapanda.

"Mama, mbona hakinukii kitu?"

Mama akainama akanusa: mvuke mtupu. Ndani, Mize alikohoa. Nje, zimwi lilikuwa likiimba, kifua kimefunguka, halikohoi hata kidogo.

Nami chungu changu nakifunika hapa. Asikifunue mtu.