Shimo la Paa

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo sogeeni mbele, wakubwa msisinzie. Niwape, nisiwape?

Tupe.

Hapo zamani za kale, enzi zile ukichimba mchanga wa mto kwa kwato unapata maji, aliishi Kalunguyeye. Alikuwa mama mdogo wa mwili, mwenye watoto wanne na miiba mingi. Miiba ilikuwa ya nje tu. Ndani alikuwa laini kama uji wa mtoto.

Kando ya mto palikuwa na pango. Humo aliishi Bibi Korongo, ndege mwenye miguu mirefu, mganga wa wanyama. Aliyevunjika alipelekwa kwake. Aliyenaswa alipelekwa kwake.

Kiangazi kimoja Paa alinaswa mguu kwenye mtego wa waya. Kalunguyeye alimkuta amelala, hata kulia hawezi tena. Akakifukua kigingi kilichoshika waya, fuku, fuku, fuku, mpaka kikang'oka. Kisha wakaenda taratibu, Paa akichechemea, Kalunguyeye akimwambia, "Bado kidogo, baba. Bado kidogo."

Bibi Korongo aliutazama ule mguu.

"Mfupa utaunga," alisema. "Lakini asisimame mpaka mvua ya kwanza. Akikanyaga nao sasa, ameupoteza. Na Paa asiyeweza kukimbia, mwanangu, mwisho wake unaujua."

"Sasa atakula nini, Bibi?"

"Hapo ndipo penye shida. Nina mdomo mmoja. Naleta maji, nachuma dawa. Wa kuleta chakula sina."

Kalunguyeye akaenda kwenye mgunga mkubwa. Wanyama walipumzika pale kila mchana, jua likiwa kali.

"Jamani, Paa ana njaa. Kila mmoja atoe konzi moja tu ya chakula."

"Kesho," alisema Nyani.

"Kesho," alisema Ngiri, macho hakufumbua.

Kesho ikaja. Wakasema kesho. Kalunguyeye akabeba peke yake, kidogo kidogo, watoto wanne nyuma yake. Lakini mdomo wa kalunguyeye unabeba nini? Paa akakonda. Mbavu zikahesabika.

Mchana mmoja Kalunguyeye alikaa pale mgungani, amechoka. Akamwona Nyani anarusha mbegu kwenye shimo la mchwa. Tu! Ngiri akainua kichwa.

"Umekosa," alisema Ngiri.

"Sijakosa. Imedunda."

"Imedunda kwa sababu umekosa."

Wakabishana mpaka jua likapinda. Kalunguyeye akawatazama. Kumbe hawakuwa wamechoka. Walikosa la kufanya.

Asubuhi yake akachimba. Fuku, fuku, fuku. Mashimo kumi na mawili kwa duara, na moja kubwa katikati. Wanyama walipofika wakauliza, "Haya nini?"

"Mchezo," alisema. "Kila mchezaji aje na konzi ya mbegu au maganda ya mgunga. Hizo ndizo kete. Unachota, unagawa moja moja ukizunguka. Ukimaliza duara, moja inaingia katikati. Ikiingia haitoki. Hilo la katikati ni shimo la Paa. Wenzako wakiishiwa kete, wewe umeshinda."

"Na nikishindwa?" aliuliza Ngiri.

"Utabeba kikapu cha mbegu za Paa mpaka pangoni."

Wakacheza. Tu, tu, tu. Shimo la Paa likajaa. Ngiri akashindwa. Nyani akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, punda, chukua mzigo wako!" Ngiri akanuna, akabeba.

Kesho yake akashindwa Swala, naye akachekwa. Siku ya tatu hakuna aliyetaka kukaa kwenye duara. "Mimi nije nifanywe punda?" walisema. Siku mbili nzima mashimo yakawa matupu. Upepo ukaanza kuyafukia mchanga.

Kalunguyeye akaenda pangoni na kiganja cha mbegu. Akaona haya hata kuingia.

"Nimeharibu," alimwambia Paa. "Nisamehe."

Paa aliongea polepole. "Mama, yule Ngiri atakuja lini tena?"

"Ngiri? Si alikuja amenuna?"

"Alinuna mlangoni. Aliponiona akakaa. Akaniuliza jina langu. Akanifukuzia nzi kwa mkia mpaka nikalala."

Ngiri hakuwa amemwambia mtu. Pale pale Kalunguyeye akaliona kosa lake. Kitu kizuri kuliko vyote katika ule mchezo, yeye alikifanya adhabu.

Akarudi mgungani, akazibua mashimo.

"Sheria imebadilika," alisema. "Kikapu anabeba mshindi. Aliyeshindwa haruhusiwi pangoni."

"Hiyo nayo ni zawadi?" Nyani alicheka.

Ngiri akaja, akakaa kwenye duara. "Mimi nacheza," alisema, huku anatazama chini.

Nyani hawezi kumwona Ngiri akishinda kitu, hata kama kitu chenyewe hakitaki. Akakaa naye. Tu, tu, tu. Nyani akashinda. Akabeba kikapu kwa mbwembwe, akienda anaimba. Alirudi kimya. Akakaa pembeni.

"Umeona nini huko?" wakamuuliza.

"Shindeni mkaone."

Tangu siku hiyo nafasi kwenye duara ikawa ya kugombaniwa. Wengine walileta konzi mbili. Paa akanenepa. Na mvua ya kwanza ilipopiga, pa, pa, pa, Bibi Korongo akasema, "Haya, simama." Paa akasimama. Akaruka dimbwi dogo, kisha kubwa. Ngiri akageuka upande, akasema mvua imemwingia machoni.

Miaka ikapita. Bibi Korongo akaruka zake, pango likabaki na popo. Nyani akafa, Ngiri akafa. Kalunguyeye akazeeka, macho yakaingia ukungu. Mchana mmoja alipita chini ya mgunga akasikia: tu, tu, tu. Walikuwa wajukuu wa Paa wanacheza. Walipomaliza, mmoja alibakiza kete kwenye shimo la katikati.

"Hiyo ya nani?" aliuliza Kalunguyeye.

"Hatujui, bibi. Ndivyo tulivyokuta. Ya katikati mchezaji haichukui. Anapelekewa aliyeumia."

Kalunguyeye akakaa palepale mavumbini. Akawaambia wacheze tena, asikilize.

Wanangu, na ninyi wakubwa, sikieni. Wema msiufanye adhabu. Ufanyeni furaha, nao watu wataugombania.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, chini ya mgunga, na kete moja katikati. Apitaye asiichukue.