Chungu cha Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Mmetulia?

Tumetulia!

Waongo nyie, naona miguu inavyochezacheza. Haya, sikilizeni hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale mlinzi wa kisima alikufa, wanyama wakakosa raha. Nani atalinda maji? Wakajitokeza watatu: Fisi, Nungunungu na Kanga, yule ndege mwenye madoa. Kila mmoja na chungu chake. Mpiga kura anaingia uani, anatia kokoto kwenye chungu cha amtakaye, kisha anapita kunywa.

Lakini wenye kiu mnawajua. Wanaingia mbio, wanatupia chungu cha kwanza, hao kisimani. Basi ugomvi ukawa wa mstari wa vyungu. Asubuhi Fisi akasema, "Changu mlangoni." Mchana, "Changu mlangoni." Jioni, meno nje, "Nimesema, changu mlangoni."

Kanga akawaza. Fisi akipewa kisima, vifaranga wake watakunywa wapi? Wakienda hawarudi. Akakaa, akainuka, akazunguka, akakaa tena. Mwisho akamwendea Kobe, mpanga vyungu.

"Babu Kobe, mpe huo mlango. Mimi niweke wa pili."

"Na mimi?" Nungunungu akauliza, miiba juu.

"Wewe wa tatu," Kobe akasema. Nungunungu akanuna.

Siku ya kura Kanga akaja na maji na kata.

"Bwana Fisi, wewe ndiye wa kwanza. Niruhusu nikipambe chungu chako."

Akamimina maji, akaweka kata juu. Fisi akavimba kichwa.

"Hiyo ndiyo heshima," akasema, akaenda kungoja nje ya ua.

Sasa niambieni, njia ya kisimani ina nini? Tope! Na mwenye tope akikuta maji na kata mlangoni, hufanya nini? Hunawa miguu!

Akaja Punda, akanawa, akatia kokoto chungu kilichofuata. Akaja Mbuzi, akanawa, akatia kilichofuata. Akaja Swala, naye vilevile.

Jioni Kobe akakiinamisha chungu cha Fisi. Tope tupu.

"Mmeniibia," Fisi akalia.

"Ulitaka mlangoni. Si tumekuweka mlangoni?"

Vifaranga wakanywa hadi wakatosheka. Ila mama yao hakutulia. Alimwona Fisi kakaa kando, anaitazama ile kata, haondoi macho. Kanga akaogopa kwelikweli: hila keshaijua. Akaichukua kata, akaivunja mbele ya wote.

"Kuanzia leo," akasema, "kila mmoja akishapiga kura, Kobe ahamishe vyungu. Cha mbele kiende nyuma."

"Hata chako?" Nungunungu akauliza.

"Hata changu. Leo nimechaguliwa na miguu yenu tu."

Nungunungu akailaza miiba yake.

Nami nimekomea hapo mlangoni. Mwenye tope anawe, akalale.