Fundi Aliyekumbuka Nywila za Watu Wote

Kaa chini uisome hii mpaka mwisho, halafu umtumie mtu unayemwamini. Ukimaliza utajiuliza mara mbili ni nani huyo.

Daktari Semeni alikuwa na zahanati yake katika mji mmoja mdogo. Majalada ya wagonjwa yalikuwa kwenye kompyuta, katika mfumo aliotengenezewa na Fundi Mbelwa, mtu mcheshi aliyependwa na kila mtu. Mfanyakazi akisahau nywila yake alimpigia Mbelwa simu, naye akamkumbusha hapo hapo, hata salamu hazijaisha. Wote walimsifu kwamba ana kichwa.

Jumatatu moja Mwalimu Zaina aliingia chumbani kwa daktari, akaweka kadi yake ya kliniki mezani.

"Ugonjwa wangu nimeuficha miaka sita," alisema. "Jana nimeusikia saluni, unasimuliwa kama habari za harusi. Daktari, ulikuwa unaujua wewe peke yako."

"Wallahi, Mwalimu, sijamwambia mtu."

"Basi tuseme ukuta ndio uliosema. Hapa sirudi tena."

Dawa alizobaki nazo nyumbani zilikuwa za siku tisa. Zikiisha bila kuongezwa, ugonjwa ungerudi na nguvu zake zote, na daktari alijua mwisho wake.

Akafungua kompyuta. Jalada la Mwalimu Zaina lilikuwa limefunguliwa Jumamosi, kwa jina na nywila ya Daktari Semeni mwenyewe. Jumamosi hiyo yeye alishinda msibani.

Kuna mtu ana nywila yake, na mtu huyo lazima yumo humu humu. Mfagizi, mbona hufuta meza yake muda mrefu hivyo? Wa mapokezi, mbona huingia bila hodi? Na Nesi Tabia, ambaye meza yake inatazamana na ya daktari, mbona siku hizi amekuwa mkimya? Alibadilisha nywila bila kumwambia hata mumewe, na kila alipoiandika alifunika mikono kwa khanga. Chai ya saa nne waliyokuwa wakinywa pamoja ikafa. Kila mtu alikunywa yake pembeni, akimtazama mwenzake kwa jicho la wizi.

Siku ya nne jalada jingine likafunguliwa, daktari akiwa anazalisha. Safari hii kwa nywila mpya.

Akampigia Mbelwa kumweleza. "Mchunguze Nesi Tabia," fundi akashauri. "Macho ya yule hayatulii."

Daktari akaandika barua ya kumwachisha Tabia kazi. Tabia aliisoma amesimama.

"Miaka kumi na moja, Daktari. Nimekosa nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui. Naomba umwite fundi mwingine aangalie kabla sijaondoka. Nikionekana ni mimi, polisi nitakwenda kwa miguu yangu."

Akaitwa fundi mwanamke kutoka mji wa jirani, jina lake Eliwaza. Hakucheka na mtu wala hakusifu kitu, na daktari akamshuku naye.

"Mtu akisahau paswedi hapa, mnafanyaje?" Eliwaza aliuliza.

"Tunampigia fundi wetu, anatukumbusha."

Eliwaza akaacha alichokuwa akifanya. "Mpigie sasa hivi. Mwambie umesahau ile mpya. Weka spika."

"Aa, Daktari wangu!" sauti ya Mbelwa ilijaa chumba. "Andika kisima, halafu sabini na nne. Usisahau tena, mama."

Daktari akakata simu. Neno lile hakuwahi kulitamka mbele ya binadamu yeyote.

Wakaenda mpaka kibandani kwa Mbelwa, ubavuni mwa saluni ile ile aliyoitaja Mwalimu Zaina. Ukutani, juu ya kompyuta yake iliyounganishwa na ya zahanati, palibandikwa karatasi yenye majina na nywila zote za zahanati. Mfumo wake ulizihifadhi wazi wazi, naye alizinakili kila zilipobadilishwa, asisumbuke kuzitafuta. Wasusi wa jirani walikuwa wakiingia hapo kuchaji simu, hata mwenyewe akiwa hayupo, na ndio waliokuwa wakiyafungua majalada na kuyasoma.

"Lakini mimi nilitaka kuwasaidia," alisema Mbelwa, na ilikuwa kweli.

Eliwaza akausuka mfumo upya. "Nywila haihifadhiwi," alimweleza daktari. "Mfumo unaisaga kama mahindi, unabaki na unga tu. Ukirudi, nywila yako inasagwa tena, unga unalinganishwa na unga. Na mahindi ya kila mtu yanatiwa kiungo chake kabla ya kusagwa, ili hata wawili wakichagua neno moja, unga wao usifanane. Mwizi akiingia atakuta unga, na kuurudisha uwe mahindi hawezi."

Daktari alichana ile barua na kumwomba Tabia msamaha mbele ya wafanyakazi wote. Tabia alisamehe, ila meza yake aliihamishia chumba kingine.

Siku ya tisa daktari alibeba dawa mwenyewe hadi kwa Mwalimu Zaina, akamsimulia yote. Mwalimu alimsikiliza kupitia upenyo wa mlango.

"Na huyo fundi mpya, paswedi yako anaijua?"

"Nimemjaribu jana. Nilimpigia nikamwambia nimesahau, anikumbushe."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Siijui, na hakuna namna ya kuijua. Weka nyingine.'"

Mwalimu Zaina akafungua mlango, akapokea dawa.

Funzo: Anayeweza kukukumbusha siri yako anaweza pia kuivujisha bila kutaka; kabla hujamshuku aliye karibu nawe, uliza kwanza siri hiyo imehifadhiwa wapi na vipi.