Punje ya Ufuta Katika Saa ya Maji

Waliokuwapo uani pa hekalu asubuhi ile, kama tulivyopokea kwa wazee wa Kachi, huko Bara Hindi, ni hawa: Pandit Haridatt Jetharam, kuhani mwenye kushika saa ya maji, Seth Mulji Raghavji, tajiri wa pamba, Bibi Revabai, mjane wa mfumaji Khengar, na waumini wa kijiji, wote wamefunga. Ilikuwa siku jua linapoingia burji ya Jadi, nyota ya Mbuzi. Waliamini kwamba sadaka itolewayo tangu saa hiyo huzidishiwa thawabu, na itolewayo kabla yake haina fungu.

Saa ilipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, lililoelea majini. Likizama mara ya saba, wakati umetimia.

Revabai alikuwa amefuma blanketi mwaka mzima, nadhiri kwa ajili ya roho ya mwanawe marehemu. Bakuli lilikwisha kuzama mara sita, na mara ya saba ikikawia, alipoingia msafiri mzee, anatetemeka kwa baridi hata hawezi kusema. Revabai akamfunika kwa blanketi lile.

"Dada Revabai, umeharibu," akasema Seth Mulji. "Kidogo tu ungengoja."

"Mimi ningengoja, Sethji. Yeye je?"

"Basi sasa atakayengoja ni mwanao."

Revabai akainamisha uso, machozi yakamtoka, lakini blanketi hakulirudisha.

Pandit Haridatt, kwa kushangazwa na ukawiaji ule, akaliinua bakuli. Tunduni mlikuwa na punje ya ufuta. Hakuna mwingine aliyeiona, na angeweza kuiondoa kwa ukucha. Akapima kivuli cha mlingoti wa bendera ya hekalu, ajue saa kwa jua, kisha akasimama mbele ya watu.

"Ndugu zangu, nanyi mmefunga, mimi alfajiri nilikula kashata ya ufuta. Punje hii imetoka ndevuni mwangu ikaziba tundu. Jua liliingia Jadi kabla msafiri huyu hajafika mlangoni. Sote tumekaa, saa imetupita. Aliyeitika ni Revabai peke yake."

Kisha Seth Mulji akauliza, "Panditji, angalau ilikuwa tamu?"

Watu wakacheka, na Seth akavua shali yake akaiweka miguuni pa msafiri. Wengine wakafuata. Baragumu likapulizwa, kengele zikalia, na Revabai, ambaye kwa ujane wake husimama nyuma ya wote, akaongozwa mbele kuweka sadaka ya kwanza madhabahuni.

Tutafakari, basi, jinsi haki ya mama huyu ilivyotegemea ulimi wa mtu mmoja aliyekubali kuaibika.

Msafiri yule aliitwa Kanji Velji, wa mji wa Anjar. Alifariki siku ya tatu.