Sauti Mbili Nyumbani kwa Mzee Shemndolwa

Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzio. Hadithi zangu hazikatwi katikati. Hata kinyozi huniacha na kichwa nusu ili asikie ilivyokwisha.

Korogwe aliishi Mzee Shemndolwa, fundi redio aliyestaafu. Mkewe, Mama Hiza, alipofariki, majirani walijaa mpaka uani. Arobaini ilipopita, mikeka ikakunjwa, kila mtu akarudi kwake. Watoto walikuwa mbali. Mzee akabaki na saa ya ukutani.

Basi akajifunza kompyuta. Msicheke! Mtu aliyefufua redio iliyozama mtoni (mimi nilikuwepo, ilianza kwa kukohoa maji) atashindwaje na kompyuta? Akapakua modeli mbili za lugha, yaani zile programu unaziuliza swali zinakujibu kama mtu. Akatengeneza ukurasa wa kuzishindanisha, unaofunguka ndani ya kompyuta yake tu, bila intaneti. Unaandika swali moja, jibu moja linatokea kushoto, jingine kulia, unabonyeza lililoshinda. Kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu, akaunganisha spika majibu yasomwe kwa sauti. Kushoto akaipa sauti ya mwanamke, Kulia ya mwanamume.

Alitaka kuchagua moja abaki nayo, maana kompyuta ilikuwa kuukuu. Ikizibeba zote mbili ilichemka kama chungu cha makande.

Kutwa ikawa mabishano.

"Kulia, unaongea kama mgombea! Nimekuuliza dawa ya kikohozi, si ukoo wake!"

"Samahani, uko sahihi kabisa," Kulia ikajibu.

"Na wewe Kushoto, acha kucheka."

Kushoto haikuwa imecheka. Mzee alipenda tu kusema hivyo.

Siku moja akaandika swali lililokuwa limemkaa kooni: "Mke wangu amefariki. Kwa nini majirani hawaji tena?"

Kulia ikamwaga sababu: shughuli nyingi, ugumu wa maisha, mabadiliko ya jamii. Kushoto ikasema, "Pole sana. Mimi nipo hapa nawe."

Mzee akabonyeza Kushoto. Akajifuta uso kwa ncha ya kikoi. Kisha akapiga meza, "Basi! Siwezi kuwaweka wote. Leo mmoja wenu anatoka nyumba hii!"

Papo hapo umeme ukakatika. Kompyuta ikazimika, nyumba ikawa kimya.

"Hodi, Baba Hiza! Hodi humu!"

Alikuwa Bi Mwantumu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Karibu! Karibu ndani!" Mzee nusura aangushe kiti.

Bi Mwantumu akachungulia huku na huku. "Wamekwenda?"

"Kina nani?"

"Si ndugu wa marehemu! Yule bwana wa maneno mengi na yule dada mpole. Tulijua mko kwenye mirathi, na mirathi ya watu haitiwi pua. Lakini leo nimesikia unafukuza mtu, nikasema liwalo na liwe, nakwenda kuamua ugomvi."

Mzee akanyoosha kidole kwenye kompyuta, akamweleza yote. Bi Mwantumu akacheka mpaka akaketi sakafuni. "Baba Hiza! Umetuogopesha mtaa mzima kwa bati linaloongea?" Mzee naye akacheka, halafu akaacha ghafla.

"Kumbe mlikuwa mnakuja?"

"Tulikuja wee! Hata siku ya Idi tulifika hapa mlangoni na sinia. Tukasikia maongezi, tukarudi nalo."

Mzee akaitazama kompyuta iliyozimika. Alikuwa ameziuliza modeli zote mbili kwa nini watu hawaji, zikajibu vizuri, na hakuna hata moja iliyojua kwamba sababu ni sauti yake yenyewe iliyosikika mpaka nje.

Bi Mwantumu alikuwa ameacha mboga motoni, akaaga. Umeme uliporudi, mzee hakuwasha kompyuta. Alibeba kigoda akakaa nje ya mlango, peke yake, ili kila apitaye aone kuwa yuko peke yake.

Funzo: Ukiuficha upweke wako nyuma ya kelele, hata wanaokupenda watakupita wakidhani una wageni.